Uliza Sababu: Kukubali na Kukataa Ukiwa Leba

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila ongeza sauti kidogo. Kama uko kwenye daladala na dereva amefungulia redio, mwombe asihamishe kituo. Na wewe baba, ambaye ukisikia habari za uzazi unaona hazikuhusu, leo usiondoke. Nina neno na wewe kabla hatujaagana.

Leo tunaongelea jambo ambalo akina mama hulisema wao kwa wao, kwa sauti ya chini, wakisukana nywele au wakisubiri foleni ya kliniki. Je, mama aliye kwenye uchungu anaweza kukataa kitu ambacho mkunga au daktari anataka kumfanyia? Anaweza kusema, "Nesi, hilo hapana"? Akisema hivyo ni jeuri? Anajihatarisha? Au ni haki yake?

Jibu fupi: ni haki yake. Jibu refu ndilo lililonileta hapa, maana yapo mambo unayoweza kuyakataa bila wasiwasi wowote, na yapo mengine ambayo ukiyakataa unaweza kupoteza maisha yako au ya mwanao. Utayatofautishaje? Kuna njia moja, nami nitairudia leo mpaka muichoke: uliza sababu kabla hujakubali, na uliza sababu kabla hujakataa.

Haya, tuanze. Chukulia mama mmoja, mimba imetimia miezi tisa. Kliniki amehudhuria, presha yake nzuri, damu inatosha, mtoto amekaa vizuri, kichwa chini. Uchungu umemwanza usiku. Asubuhi anafika hospitali na mfuko wake: kanga, pamba, glovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni, nyembe mpya. Mama huyu ni mzima. Amekuja kuzaa, haumwi.

Sasa sikiliza orodha ya mambo anayoweza kukutana nayo kabla hajamshika mtoto wake. Ananyolewa. Anapigwa enema, yaani anaingizwa maji ya kusafisha tumbo kwa njia ya haja kubwa. Anaambiwa asile. Anaambiwa alale chali na asiamke. Anapasuliwa chupa. Anatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu. Anapimwa njia, anapimwa tena, na kila anayepita naye anapima. Tumbo linakandamizwa ili mtoto ashuke. Anaongezewa njia, yaani anakatwa ili mtoto apate kupita. Mtoto akitoka, kitovu kinakatwa papo hapo.

Sisemi kila mama anafanyiwa yote haya, na sisemi kila hospitali inafanya hivi. Lakini waulize akina mama wa mtaani kwako, hutakosa anayekutajia mawili matatu.

Swali langu ni hili. Katika hayo yote, lipi lilifanywa kwa sababu mama huyu alionekana na tatizo? Na lipi lilifanywa kwa sababu ndivyo kila anayeingia wodini anavyofanyiwa? Hapo ndipo ulipo mzizi wa mazungumzo yetu. Hatua yenye sababu inaokoa. Hatua hiyo hiyo ikifanywa kwa mazoea tu inaweza kumwachia mama kidonda, maumivu na gharama, bila faida yoyote aliyoipata.

Na msidhani haya ni maneno yangu, au ni ya watu wasiopenda hospitali. Shirika la Afya Duniani limeyasema miaka mingi. Mwaka 1985 wataalamu walikutana katika mji wa Fortaleza, nchini Brazil, wakasema wazi kwamba kunyolewa na kupigwa enema kabla ya kujifungua hakuna ulazima, na kwamba hakuna sababu ya kumwongezea njia kila mama. Mwaka 2018 shirika hilo likatoa mwongozo mzima, wenye mapendekezo 56, kuhusu namna ya kumhudumia mama anayejifungua. Mengi katika orodha niliyowasomea yamo humo, chini ya neno moja: haipendekezwi. Haipendekezwi kufanywa kwa kila mama mzima, kwa mazoea.

Tuyapitie. Mengine nitayapita haraka, mengine tutakaa nayo.

Wembe na enema. Zamani ilidhaniwa kumnyoa mama kunazuia wadudu wa maradhi. Kumbe wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo ndiyo mlango wa wadudu hao. Ukitaka kunyoa kwa usafi wako, au kwa sababu dini yako inakuelekeza, hilo ni lako, fanya nyumbani kwa nafasi yako. Usikubali tu kuambiwa kwamba bila kunyoa huwezi kuzalishwa. Na enema ni vivyo hivyo: ni karaha tupu, haifupishi uchungu.

Kula na kulala. Katazo la kula lilitokana na hofu ya zamani kwamba mama akipelekwa ghafla kwenye upasuaji na kulazwa usingizi, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa mama asiye na dalili za hatari, mwongozo wa leo unaruhusu kunywa na kula. Uchungu ni kazi, na mwenye kazi anahitaji nguvu. Uji mwepesi, chai, maji, juisi, ruksa.

Kulala chali nako, nani alisema ni lazima? Tumbo la mimba ni zito. Ukilala chali muda mrefu, mji wa mimba unaulalia mshipa mkubwa wa damu, na damu inayokwenda kwa mtoto inaweza kupungua. Utafiti uliokusanya majaribio mengi umeonyesha kwamba akina mama wanaotembea, kusimama au kukaa katika hatua ya kwanza ya uchungu humaliza hatua hiyo mapema, kwa zaidi ya saa moja, kuliko wanaolala. Na wakati wa kusukuma, mama ana haki ya kuchagua: kulala ubavu, kupiga magoti, kuchuchumaa. Bibi zetu hawakuzaa chali na miguu ikiwa hewani.

Sasa tufike kwenye chupa na dripu. Hapa naomba utulivu.

Mkunga anapokupima na kuandika, mara nyingi anajaza karatasi inayoitwa patografu. Ina miraba midogo midogo, na imekatwa na mistari miwili iliyolala mshazari. Kila akipima, anaweka alama: njia imefunguka sentimita ngapi, na ni saa ngapi. Karatasi hii ina historia ya hapa hapa Afrika. Mistari hiyo miwili ilichorwa na madaktari wawili, Philpott na Castle, na kuchapishwa mwaka 1972, kutokana na kazi yao katika mji ambao leo tunauita Harare, Zimbabwe. Nia yao ilikuwa njema kabisa: mkunga aliye peke yake kwenye zahanati ya mbali ajue mapema ni mama gani anachelewa, ampeleke hospitali kubwa kabla mambo hayajaharibika. Karatasi hiyo imeokoa watu wengi.

Tatizo ni mazoea yaliyozaliwa nayo. Mstari ule wa kwanza ulihesabu kwamba njia hufunguka sentimita moja kila saa. Basi ikawa kama sheria. Umefika na sentimita nne saa mbili asubuhi? Ikifika saa nane mchana unatakiwa uwe na kumi. Hujafika? Chupa inapasuliwa, dripu inatundikwa. Lakini uchungu hauendi kama treni yenye ratiba. Utafiti uliofanywa Nigeria na Uganda, kwa maelfu ya akina mama waliojifungua watoto wazima, ulikuta kwamba wengi wao hawakwenda kwa mwendo huo na bado walizaa salama. Ndiyo maana mwongozo wa 2018 umesema kasi ya sentimita moja kwa saa isitumike peke yake kama sababu ya kuingilia kati. Umesema pia uchungu uhesabiwe kwamba umeshika kasi kuanzia sentimita tano, na kwamba kutoka hapo uzazi wa kwanza unaweza kuchukua hadi saa 12 bila kuwa na tatizo, mradi mama na mtoto wako vizuri.

Mradi mama na mtoto wako vizuri. Naomba maneno hayo yasikupite.

Kwa nini nina wasiwasi na dripu inayotundikwa kwa haraka tu? Dawa iliyomo inaitwa oksitosini. Inaubana mji wa mimba. Kila mji unapobana, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua kwa muda, na unapolegea mtoto anapata nafuu, anavuta nguvu. Dripu ikienda kasi mno, mji unabana bila kupumzika. Mtoto anachoka, na pengine mji wenyewe unachanika, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la upasuaji. Pale pasipo mashine, mkunga anasimama na saa mkononi akihesabu matone, anapima nguvu ya uchungu kwa kiganja tumboni, anasikiliza moyo wa mtoto, kisha anarekebisha matone. Kazi hiyo inataka mtu asiondoke karibu yako. Sasa jiulize: mkunga mmoja, akina mama wanane, nani anahesabu matone?

Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma, nchini Kenya, ilitoa hukumu katika kesi ya mama mmoja aliyepewa dawa ya kuanzisha uchungu mwaka 2013, kisha akaachwa bila uangalizi. Uchungu ulipomzidi aliambiwa aende mwenyewe chumba cha kujifungulia. Vitanda vilikuwa vimejaa, akajifungulia sakafuni, ukumbini, na badala ya kusaidiwa akatukanwa na kupigwa. Mahakama ilisema haki zake za kikatiba zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni mbili na nusu za Kenya. Mahakama ilizungumzia utu na uzembe. Mimi naongeza hili: anayeanzisha uchungu wa mtu kwa dawa, au anayeuongeza, amejitwika wajibu wa kukaa naye.

Je, dripu ni mbaya basi? Hapana! Uchungu ukisimama kweli, mama amechoka, saa zimepita na njia haifunguki, dripu hiyo hiyo inaweza kumwepusha na kisu. Tofauti ni sababu. Kwa hiyo unafanyaje? Uliza sababu kabla hujakubali, na uliza sababu kabla hujakataa.

Tuje kwenye kuongezewa njia. Akina mama, najua mlikuwa mnalisubiri hili. Tabia ya kumkata kila mama, hasa wa uzazi wa kwanza, ilipata nguvu Marekani baada ya daktari mmoja maarufu wa Chicago, Joseph DeLee, kufundisha mwaka 1920 kwamba kukata mapema kunamlinda mama asichanike vibaya. Maneno yake yakasambaa duniani, yakaingia kwenye vitabu, yakafundishwa kizazi hadi kizazi. Ikachukua miaka mingi kuyapima. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti kutoka Argentina, hospitali 8, akina mama zaidi ya 2,600. Upande mmoja walikatwa karibu wote kama ilivyokuwa desturi. Upande wa pili walikatwa tu pale palipokuwa na sababu. Matokeo? Waliokatwa kwa desturi hawakulindwa dhidi ya michaniko mikubwa. Walichozidi wenzao ni maumivu na matatizo ya kidonda kupona.

Na maumivu hayo mnayajua. Mama anakaa kwa upande mmoja wa tako ili aweze kunyonyesha. Anaogopa kwenda haja. Anarudi nyumbani na wageni wanakuja na zawadi, yeye hata kuketi nao hawezi. Kwa wengi, mchaniko mdogo wa asili, au kutochanika kabisa, kungekuwa nafuu.

Sababu ya kukata inaweza kuwapo? Inaweza. Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, kichwa kinaonekana, na lazima atoke sasa hivi. Au mtoto anavutwa kwa chombo na nafasi haitoshi. Hapo mkunga mwema atakwambia kwa sentensi moja: "Mama, mtoto amechoka, nataka kuongeza njia ili atoke." Sentensi moja inachukua sekunde tatu. Na hata sababu ikiwapo, ganzi ni haki yako, wakati wa kukatwa na wakati wa kushonwa. Mtu asikushone mkavu kwa kisingizio kwamba umeshazoea maumivu.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Kukandamizwa tumbo ili mtoto asukumwe nje: haipendekezwi. Kupimwa njia: kila baada ya saa nne kunatosha kwa mama anayeendelea vizuri, na unaweza kuomba mtu mmoja ndiye akupime. Kitovu: kisikatwe kabla ya walau dakika moja, ili mtoto apate damu yake yote, isipokuwa akihitaji kusaidiwa kupumua haraka. Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, saa ile ya kwanza. Na kuoga, bibi utanisamehe, mtoto angoje saa 24. Najua bibi anataka amwogeshe mjukuu siku ile ile. Asubiri kesho.

Sasa, wasikilizaji wangu, geuzeni upande wa pili wa mazungumzo haya. Yapi usiyakatae?

La kwanza ni sindano ya pajani mara tu mtoto anapotoka. Dawa iliyomo ni oksitosini, ile ile ya kwenye dripu. Utaniuliza: mbona hii hutolewa kwa kila mama, nawe tangu mwanzo unalalamikia mambo ya kufanyiwa kila mama? Umeuliza vizuri. Kabla ya mtoto kutoka, dawa hii inabana mji huku mtoto akiwa ndani. Baada ya mtoto kutoka, inabana mji uliobaki mtupu ili mishipa ya damu ijifunge. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiko kunakoongoza kuua akina mama duniani, na huwapata hata ambao hakuna aliyetarajia. Hapa sababu ipo kwa kila mmoja, na imepimwa. Basi usikatae sindano hiyo.

Kuna kitu kingine unaweza kukutana nacho: mfuko wa plastiki ulio wazi, wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya makalio baada ya mtoto kutoka. Damu inaingia humo, mkunga anaona kwa macho imefika kiasi gani, habahatishi kwa kutazama shuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia mfuko huo pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mpigo mara damu inapozidi. Kutokwa na damu kwingi kwa hatari, pamoja na vifo na upasuaji unaotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Ukiuona mfuko huo, ufurahie.

Usikatae kupimwa presha. Usikatae sindano ya magnesiamu ukiambiwa presha imepanda na una dalili za kifafa cha mimba. Dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu. Usikatae kipimo cha Virusi vya Ukimwi na dawa za kumkinga mtoto. Usimkatalie mtoto vitamini K inayomzuia asivuje damu. Usikatae mkunga kukuwekea tumboni ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto, hata kama amekuja kwa mara ya kumi. Anaposikiliza kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, kwa dakika nzima, hakusumbui. Huyo anafanya kazi yake sawasawa.

Na upasuaji je? Upasuaji wa uzazi usio na sababu una hatari zake, pamoja na kovu la kulifikiria katika mimba zinazofuata. Lakini upasuaji wenye sababu ndio mstari kati ya kaburi na arobaini ya mtoto. Hapa nataka niseme jambo linaloniuma. Tunasikia kila mara mama aliyekataa upasuaji, au ambaye familia yake ilikataa, saa zikapita, na mtoto akapotea. Tunamlaumu kwa ujinga. Lakini tumejiuliza kwa nini hakuamini? Pengine uzazi uliopita alikatwa bila kuambiwa, akashonwa bila ganzi, akapewa dripu bila maelezo, akiuliza anaambiwa, "Nyamaza, wewe ni daktari?" Mtu aliyefanyiwa mambo kumi bila sababu, siku ukimletea la kumi na moja lenye sababu, atakuaminije? Kila jambo la mazoea linalofanywa bila maelezo linakula imani ambayo siku ya hatari ndiyo tungeihitaji.

Tena mazoea hayako hospitali tu. Nyumbani nako yapo. Kuna dawa za mitishamba ambazo binti hupewa mara tu tumbo linapomtekenya, ili "uchungu uende mbio". Mama mkwe kaleta kikombe, nani ataanza kubishana naye? Baadhi ya dawa hizo hubana mji kwa nguvu, na hazina kipimo. Ukinywa hizo, kisha hospitali wakakutundikia dripu bila kujua, mji unapata nguvu mbili kwa pamoja. Basi swali ni lile lile, na muulizwaji ni yeyote, awe amevaa koti jeupe au kitenge: sababu ni nini? Na kama umeshakunywa, mwambie mkunga. Usiogope kugombezwa, aibu hiyo ni ndogo kuliko hasara inayoweza kutokea.

Sheria inasemaje? Kwa jirani zetu Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia zilizopo za tiba, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Inamtaka pia amweleze kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa kuna athari gani. Angalieni hapo: haki ya kukataa na haki ya kuelezwa matokeo ya kukataa zimewekwa pamoja. Mtu anayekataa bila kuelezwa hajaitumia haki yake yote. Na hapa kwetu Tanzania, fomu ya ridhaa inayosainiwa kabla ya upasuaji si karatasi ya kukamilisha faili. Ukiletewa, uliza kilichoandikwa humo.

Sasa tuje kwenye vitendo. Huwezi kuanza mjadala ukiwa na sentimita nane. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na saa ile hata jina lako unaweza kulisahau. Mazungumzo yafanyike kliniki, mimba ikiwa miezi saba au minane. Mwambie mkunga kwa heshima: "Dada, siku nikija kujifungua ningependa kutembea, na ningependa nisiongezewe njia bila sababu. Hapa kwenu mnafanyaje?" Andika kwenye karatasi, ibane na kadi yako ya kliniki.

La pili, nenda na mtu. Mkusanyiko wa tafiti 26 kutoka nchi 17 ulionyesha kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi. Mkoani Kigoma vituo kadhaa vimewahi kujaribu mpango wa kumruhusu mama aingie na mtu wake leba, ikaonekana inawezekana. Kwingine utaambiwa haiwezekani kwa kuwa wodi haina mapazia na akina mama wengine wako wazi. Ni hoja ya kweli, lakini dawa yake ni pazia. Uliza mapema.

Baba, nilikuahidi neno. Neno lako ni hili: wewe, au shangazi, au dada atakayekwenda naye, ndiye utakayekuwa kinywa chake atakapokuwa hawezi kusema. Usiende kugombana. Usimpigie kelele nesi ambaye hajakaa tangu asubuhi. Jifunze maswali matatu tu. Kuna tatizo gani mmeliona kwake au kwa mtoto? Hatua hii itasaidia nini, na ina madhara gani? Tukisubiri kidogo, itakuwaje? Wakikuambia hakuna muda wa kusubiri, mtoto anaumia, basi hilo ni jibu. Saini, omba dua, wapishe wafanye kazi.

Na ninyi wakunga wetu mnaonisikiliza, wengine mkiwa mmetoka zamu ya usiku sasa hivi. Siwasemi vibaya. Najua mazoea mengi yamezaliwa na uchache wenu: mama akilala chali ni rahisi kumwona, uchungu ukiongezwa kitanda kinapatikana kwa anayesubiri. Lakini mama anayeuliza hajakudharau. Kuuliza si ujinga, wala si ukaidi. Mpe sababu kwa sentensi moja, utaona ushirikiano utakaoupata wakati wa kusukuma.

Tukusanye yetu. Moja: kunyolewa, enema, kulazwa chali, kukatazwa kula, kukandamizwa tumbo, kuongezewa njia na kutundikiwa dripu kwa mazoea, mama mzima anaweza kuyakataa. Mbili: sindano ya kuzuia damu, presha, moyo wa mtoto, dawa za kifafa cha mimba, vitamini ya mtoto, na upasuaji wenye sababu, usiyakatae. Tatu: hali ikibadilika, uamuzi nao unabadilika. Ulichokikataa asubuhi ukiwa mzima, unaweza kukihitaji mchana. Kwa hiyo usiingie leba na orodha ya hapana, ingia na maswali yako matatu.

Kama wewe ni mjamzito na wiki hii una kliniki, nakupa kazi: uliza walau swali moja kabla hujatoka chumbani kwa mkunga. Kama mjamzito ni mkeo, mwanao au jirani yako, mwambie uliyoyasikia leo.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia maziwa ya mwanzo, yale ya njano ambayo bado kuna wanaoyakamua na kuyamwaga. Msikose. Mimi nawaaga kwa leo. Kwaherini, na wajawazito wote nawatakia mjifungue salama.